Mlima Uliowekewa Wageni

Jumanne, tarehe tisa Julai. Asubuhi ilikuwa na baridi ya kukunja vidole. Ukungu ulikuwa umelala mabondeni kama maziwa yaliyomwagika, na juu yake anga lilikuwa safi, halina hata wingu.

Naanza na tarehe na hali ya hewa kwa sababu ndivyo Mwalimu Zuhura anavyotufundisha katika darasa letu la jioni. Alituambia pia kwamba msafiri aandike alichokiona, asiandike alichoambiwa. Agizo hilo la pili lilinisumbua sana katika nchi ya Kisogoni, kwa maana huko kila mwenyeji anajua alichoambiwa tu, na kuona ni kazi ya watu wengine. Jinsi nilivyofika nitairuka. Soli za viatu ziliisha, Mungu akanifikisha.

Kisogoni ni nchi ya milimani. Ina maporomoko ya maji, chemchemi ya maji moto, msitu wenye miti mirefu iliyoota ndevu, na mashamba yaliyopangwa ngazi kwa ngazi. Juu ya vyote hivyo umesimama Mlima Akiba. Nilipokuwa napanda kuelekea mjini niliona kila mtu ananitazama: waliokuwa wanashuka walinitazama, waliokuwa wanalima walinitazama, na hata waliokuwa wanapanda mbele yangu walinitazama, kwa kuwa walipanda kinyumenyume, mizigo kichwani, bila kujikwaa. Nikadhani ni heshima kubwa wanayompa mgeni. Lakini nilipowapita na kugeuka kuwaaga, niliona visogo vitupu. Hawakuwa wananitazama mimi. Walikuwa wanaupa mlima mgongo.

Sababu nilielezwa kesho yake alfajiri na Bwana Mzava, Mtunza Mandhari Mkuu wa nchi ile, mtu mnene mpole aliyevaa kofia yenye masikio ya ngozi. Alinikuta nje ya nyumba niliyofikia, ndiyo kwanza namaliza kuswali.

"Mgeni wetu, umeutazama mlima?" aliuliza.

"Nimetoa salamu tu, bwana. Ndivyo sala inavyomalizika, kulia na kushoto."

"Upande wa kulia ulikawia."

Nikakiri kwamba nilikawia kidogo. Mlima ulikuwa upande huo, na jua lilikuwa limeanza kuugusa.

Hakunikaripia. Alichuchumaa kando ya mkeka wangu akanifundisha sheria kuu ya Kisogoni, ambayo ni fupi: kilicho bora ni cha mgeni. Mlima ndio kilicho bora, kwa hiyo mlima umewekewa wageni. Mwenyeji haruhusiwi kuutazama. Nyumba hazina madirisha upande ule, na watoto hufundishwa kupanda kinyumenyume kabla hawajajua kuhesabu.

"Macho yanachakaza," alisema. "Chukua kikombe chenye maua. Ukikinywea kila siku, maua yanafutika. Wazee wetu waliona kwamba tukiutazama mlima kila siku, wageni watakuja wakute umefutika."

"Na macho ya wageni hayachakazi?"

"Mgeni anaondoka na macho yake. Mwenyeji anabaki nayo hapa hapa."

Nilimwomba arudie. Akarudia, na mara ya pili ilielekea kuwa na maana kuliko mara ya kwanza, jambo lililonitia wasiwasi.

"Na wewe, Bwana Mzava? Wewe ndiye mtunzaji. Hujauona?"

"Mimi?" Alishtuka kana kwamba nimemuuliza kama huwa anaiba. "Baba yangu alikuwa mtunzaji kabla yangu. Alikufa hajauona. Ndiyo maana bado ni mzuri."

Akanipa utaratibu. Siku ya tano mgeni hupelekwa kwenye Jiwe la Kugeukia, mahali palipoinuka nje ya mji. Hapo hugeuka, hutazama, kisha mbele ya mashahidi hutamka ahadi ambayo wageni wote hutamka: nitarudi, na nitakuja na mwenzangu. Ahadi ile ni kitu kizito Kisogoni. Aliyeitamka jiweni, yeye na mwenzake atakayemtaja, hawawezi kuzuiwa njia wala kutazama na mtu yeyote, hata na Mtunza Mandhari mwenyewe. Njia ya kwenda jiweni hufagiliwa kila asubuhi kwa ajili ya wote walioahidi.

"Wamesharudi wangapi?" niliuliza.

"Bado," alisema Bwana Mzava. "Ila njia ni safi sana."

Siku zilizobaki nilitembezwa, na nitaeleza kwa ufupi mambo ya kuona na kufanya katika nchi ile, kwa sababu ndivyo nilivyoagizwa na mwalimu. Nilioga kwenye chemchemi ya maji moto. Wenyeji huoga mto wa baridi ulio hatua chache tu kutoka hapo, na walikuwa wakiniuliza huku meno yanagongana, "Mgeni, ni moto kiasi gani? Yanachoma au yanabembeleza?" Nilikula pichesi tamu kuliko zote nilizowahi kula. Pichesi nzuri zote huwekwa kwenye vikapu vya wageni, na mwaka ambao wageni ni wachache, huoza, kisha huzikwa kwa heshima. Nilitembelea Nyumba ya Mishangao, ambako kauli za wageni waliotangulia zimechorwa ukutani: Lo! Subhanallah! Mama yangu! Jamani, njooni muone! Wanafunzi wa Kisogoni huzikariri, na hivyo ndivyo wanavyoujua mlima wao.

Kutokana na mishangao hiyo nchi imegawanyika. Wageni waliotazama asubuhi walisema kilele ni cheupe. Waliotazama jioni walisema ni buluu. Basi kuna watu wa Weupe na watu wa Buluu, na kila upande una wasomi wake, misikiti yake na maduka yake ya chumvi. Posa zimevunjika kwa ajili hiyo. Nilisikiliza mdahalo wa wasomi wawili uliodumu tangu baada ya chai mpaka adhuhuri, wote wawili wakiwa wameupa mlima mgongo, na mlima ukiwa juu yao, unang'aa.

Sasa nifike kwa mwenyeji wangu.

Nilifikia kwa Bi Nakundwa, mjane mrefu mwenye sauti ya kuchekesha hata anapogomba. Alinipa chumba cha wageni, chenye kitanda kilichotandikwa shuka la kudariziwa, na sebuleni alinikalisha kwenye kochi lililofunikwa vitambaa. Yeye alikaa chini kwenye mkeka, katika sebule yake mwenyewe. Chai yangu ililetwa kwenye kikombe chenye maua kilichotoka kabatini. Yake ilikuwa kwenye kopo la bati lisilo na mkono. Sikushangaa sana. Nyumbani kwangu pia kuna kabati la namna hiyo, na mke wangu anajua ufunguo ulipo, mimi sijui.

Jioni ya kwanza aliniuliza, "Mgeni wangu, wewe kazi yako nini?"

"Nina mashine ya kusaga unga, mama."

"Basi macho yako yamezoea kitu cheupe. Ukiuona, utaniambia kweli. Ni mweupe?"

Kabla sijajibu, sauti ilitoka upande wa pili wa ua. "Unasikia, mbuzi wangu? Kuna watu wanawafundisha wageni cha kusema kabla hawajaona."

Bi Nakundwa naye akamgeukia jogoo wake. "Jogoo, wewe ni mwenye akili. Mwambie mbuzi wa jirani kwamba buluu ni rangi ya ndoo."

Hivyo ndivyo nilivyomjua Nasemba, mdogo wake, wa tumbo moja. Dada mkubwa alikuwa wa Weupe na mdogo alikuwa wa Buluu. Walikuwa hawajasemezana tangu mama yao alipofariki. Waliyotaka kuambiana waliiambia mifugo.

Nilipokaa zaidi nilitambua kwamba Bi Nakundwa hutafuta vitu kwa kupapasa. Alimimina chai nje ya kikombe. Aliusalimia mgomba akidhani ni jirani, kisha akacheka mwenyewe. Nilipomuuliza, alieleza bila kulia.

"Macho yanajifunga, baba. Mganga wa hospitali ya bonde alisema mvua za vuli zikifika nitabaki naona mwanga tu, kama mtu aliyefunikwa shuka. Nimepokea wageni tangu nikiwa msichana. Nimewafulia, nimewapikia, na kila mmoja akirudi kutoka jiweni namuuliza ukoje. Wote wananiambia huwezi kuueleza, ni lazima uone mwenyewe."

"Basi geuka uone, mama. Nani atakuzuia? Upo mgongoni pako."

"Ndiyo, najua ulipo." Alikanda kanga yake. "Anayegeuka ananyang'anywa kabati na haki ya kupokea wageni, hilo la kwanza. Lakini hata wasingeninyang'anya kitu, sitaki kuuiba. Nikiuiba nitakuwa nimeona mlima wa wizi. Nataka kuuona kwa heshima, kama wewe unavyopelekwa, umesindikizwa, watu wanasubiri useme neno."

Usiku ule katika sala zangu nilimtaja kwa jina.

Siku ya nne nilikwenda mbele ya Baraza la Mandhari kumwombea ruhusa. Wajumbe hukaa safu moja wakitazama bondeni, kwa hiyo mwombaji, ili aonekane, husimama kwenye ukingo wa bonde. Nilisimama hapo kwa uangalifu. Bi Nakundwa alikaa pembeni, na nyuma ya ua wa baraza nilimwona Nasemba na mbuzi wake, wakijifanya wanapita.

Nilieleza habari ya macho. Wajumbe walisikitika kwa dhati, na mmoja alijifuta machozi. Kisha wakakataa.

"Mwenyeji mmoja akitazama," alisema Bwana Mzava, "wageni tutawaonyesha nini?"

"Mlima ule ule, bwana."

"Utakuwa umetumika."

"Lakini mama huyu akipofuka, hautamfaa kitu."

"Hautamfaa, ni kweli. Ila utakuwa mzima." Aliniangalia kwa huruma. "Mgeni wetu, sisi hatumchukii Bi Nakundwa. Angekuwa mgeni tungembeba mabegani."

Hapo niliuliza swali ambalo, nilivyokuja kujua, ndilo wanalolipenda kuliko yote. "Waheshimiwa, kwani mgeni ni nani?"

Nyuso zilichangamka. Walivuta viti karibu. Mmoja alisema mgeni ni mtu wa mbali, akapingwa kwamba kuna watu wa mbali wasiotakiwa. Mwingine alisema mgeni ni mtu anayekuja na zawadi, akazomewa. Chai ililetwa, ikaisha, ikaletwa tena. Mwishowe Bwana Mzava alitoa kauli ya sheria kwa moyo, macho yamefungwa, kama alivyofundishwa na baba yake: mgeni ni yule aliyelala kitanda kisicho chake, akala chakula ambacho hakukipika, na mwenyeji wake akamshuhudia.

Wakaondoka wameridhika sana, kana kwamba ombi langu limetimizwa.

Niliporudi niliswali adhuhuri, nikakaa kwenye mkeka nikizungusha tasbihi bila kuhesabu. Sikusikia sauti yoyote. Nilisikia tu Bi Nakundwa chumbani kwangu akinitandikia kitanda, akipiga mto kwa kiganja, akinung'unika kwamba shuka halikunyooka. Nikainuka ghafla, goti likalia.

"Mama, kile kitanda ni cha nani?"

"Ni chako, mgeni wangu."

"Kabla sijaja?"

"Cha mgeni aliyetangulia. Sijawahi kukilalia. Sheria inasema chumba cha mgeni ni cha mgeni mpaka atakapoondoka."

"Basi mimi ndiye mwenye chumba. Nakukaribisha. Leo utakula kwangu na utalala kwangu, na mimi nitalala hapa sebuleni kwenye mkeka wako."

Aliniangalia kwa macho yake yenye ukungu. Kisha akaketi chini akacheka mpaka kanga ikamvuka kichwani. "Na chakula atapika nani?"

"Mimi."

Alicheka upya. Baada ya kuonja matokeo nilimwelewa.

Nataka nieleze ukweli huu kwa unyenyekevu: mtu anaweza kusaga unga maisha yake yote asijue kuusonga. Saa ya magharibi ilipokaribia nilikuwa jikoni, moshi machoni, mwiko mkononi, na Bi Nakundwa amekaa kwenye kochi kwa amri yangu. Alikaa kwenye ukingo wake kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari.

"Maji yamechemka?" aliuliza kutoka sebuleni.

"Yamechemka."

"Uongo. Sisikii kitu. Ngoja nije..."

"Kaa hapo hapo, mama! Ukigusa sufuria hata kwa kidole, umeacha kuwa mgeni."

Alikaa. Nikamsikia akiteseka. Nilimwaga unga wote kwa mara moja, na papo hapo sauti ya nje ya ua ikasema, "Mbuzi, umeona? Amemwaga wote! Kidogo kidogo, mwanamume wewe! Mungu akuhurumie!"

"Nasemba anasema kweli," Bi Nakundwa alijibu kwa sauti, kisha akakumbuka, akakohoa. "Nilikuwa namwambia jogoo."

Ugali ulitoka una mabonge ya ukubwa wa yai, na katikati ya kila bonge kulikuwa na unga mkavu kama ulivyotoka mashineni. Nilifungua kabati na kumtolea chai kwenye kikombe chenye maua. Alikishika kwa mikono miwili. Akanywa, akafikiri.

"Kumbe chai yake inapoa haraka hivi," alisema. "Miaka yote nawaonea wageni wivu bure."

Alikula ugali wangu wote isipokuwa bonge moja. Sijawahi kuona adabu kubwa kuliko ile.

Asubuhi alitoka chumba cha wageni ameshika kiuno. "Godoro lile lina shimo katikati. Mbona hakuna mgeni aliyeniambia?"

"Wageni huwa hatusemi, mama."

"Mmekosea," alisema. "Ningelijaza sufi zamani."

Nilikwenda kumwita Bwana Mzava, naye akaja na Baraza zima, wakipanda kinyumenyume hadi mlangoni. Nilitoa ushahidi wangu: mama huyu amelala kitanda kisicho chake, amekula chakula ambacho hakukipika, na mimi mwenye chumba namshuhudia. Baadhi walitikisa vichwa kwa hofu, wengine kwa furaha, kwa kuwa lilikuwa swali jipya na hawakuwa wamepata swali jipya kwa muda mrefu.

"Kitanda, sawa," alisema Bwana Mzava akikuna masikio ya kofia yake. "Lakini chakula? Tutajuaje kwamba hakupika yeye, akakupa wewe sifa?"

Nilileta bonge lililobaki. Lilipitishwa mkono kwa mkono. Mjumbe mmoja alililuma, akasimama kutafuna, akatazama bondeni kwa muda. Hakuna aliyetaka kusema la kwanza, maana kumtukana mgeni ni kosa.

Ndipo Nasemba alipoingia kupitia mwanya wa ua, bila mbuzi. Alikuwa mfupi kuliko dada yake, na mkali wa uso. Alichukua lile bonge, akalivunja, unga mkavu ukamwagika miguuni pake.

"Waheshimiwa," alisema, "dada yangu ana makosa. Ni mbishi, ni mkaidi, na kuhusu rangi ya mlima amepotea. Lakini mama yetu alitufundisha kusonga ugali kabla ya kutufundisha kutembea. Mwiko wa Nakundwa haujawahi kutoa kitu kama hiki. Naapa kwa Mwenyezi Mungu, hiki hakukipika yeye. Hiki kimepikwa na mtu anayehitaji dua."

Bi Nakundwa aligeukia ile sauti. "Nasemba," alisema. "Umenitaja jina."

"Nimekutaja mbele ya Baraza. Usijivune."

Bwana Mzava aliweka mkono kifuani. Sheria ilikuwa imetimia, na mtu yule, pamoja na hofu zake zote, alikuwa mwaminifu kwa sheria hata ilipomgeukia. "Bi Nakundwa," alisema kwa sauti ya kazini, "karibu Kisogoni."

Tulikwenda jiweni saa ile ile, kwa kuwa ilikuwa siku yangu ya tano. Mgeni huruhusiwa kupanda akitazama mbele, lakini Bi Nakundwa hakujua kupanda hivyo. Alijikwaa kila hatua. Miguu yake ilijua njia ile kwa upande wa visigino tu. Nasemba, aliyekuwa anapanda kinyumenyume mbele yake, wakawa wanaelekeana, alimpa mkono, akamvuta. Bi Nakundwa alifumba macho njia nzima ili asionje mlima kabla ya wakati wake.

Tulipofika, wingu lilikuwa limeshuka. Mlima wote ulikuwa umejificha.

"Muda wa mgeni ni mpaka kivuli cha jiwe kifike kwenye mstari," alisema Bwana Mzava kwa masikitiko, akitazama chini, kwa kuwa huko ndiko alikoruhusiwa kutazama. Kivuli kilikuwa kinakaribia. Bi Nakundwa alisimama amegeuka, uso juu, macho yamefunguliwa kwenye weupe mtupu usiokuwa kitu.

"Ni wingu hilo au ni macho yangu?" aliniuliza polepole.

"Ni wingu, mama. Hata mimi sioni."

"Usinidanganye, baba."

"Wallahi, sioni."

Sikuwa na sheria nyingine ya kutumia. Nilisoma Fatiha kimoyomoyo, na nadhani wajumbe nao walikuwa wanasoma, maana midomo ilikuwa inatembea safu nzima. Mrefu kati yao alisogea kidogo, kivuli chake kikaufunika ule mstari hata isijulikane cha jiwe kimefika lini, na hakuna aliyemwambia aondoke.

Upepo ukaja kutoka bondeni. Wingu lilipasuka kwa chini kwanza, likainuka kama pazia linalovutwa na mtu mwenye haraka. Sitauelezea mlima. Nimeagizwa niandike nilichokiona, na nilichokiona saa ile ni uso wa Bi Nakundwa.

Hakusema Lo. Hakusema Subhanallah. Bwana Mzava akashindwa kuvumilia.

"Ukoje?" alinong'ona, mgongo wake ukiwa kwa mlima, uso wake kwa mama yule. "Bi Nakundwa, nakuomba. Ukoje?"

"Juu ni mweupe," alisema.

"Enhee," walisema wajumbe wa Weupe.

"Chini ya weupe ni buluu. Tena buluu ni kubwa."

"Enhee," walisema wajumbe wa Buluu.

"Lakini hayo si kitu. Nasemba, njoo karibu. Kuna jambo wageni hawakutuambia, na wasingeweza kutuambia. Unakumbuka tulivyokuwa tunalima ngazi ya juu na mama analima ngazi ya chini, tukawa tunaona mgongo wake siku nzima?"

"Nakumbuka."

"Bega la kulia lilikuwa chini kuliko la kushoto, kwa ajili ya mzigo wa majani. Na hapa katikati palikuwa pameinama, kisha shingo inanyooka. Mlima uko hivyo hivyo. Ni mgongo wa mama, Nasemba. Tangu tuzaliwe ulikuwa pale nyuma yetu, na sisi tunagombana juu ya rangi ya kitambaa chake."

Nasemba hakugeuka. Alikuwa mwenyeji, na sheria ilikuwa bado sheria. Lakini machozi yalimshuka, naye akayaacha yashuke, na shingo yake ilikuwa imekaza kwa juhudi ya kutogeuka. Bwana Mzava alivua kofia yake. Nadhani naye alikuwa anamkumbuka mtu.

Kivuli, hata kile cha kusaidiwa, kilikuwa kimepita mstari. "Mgeni wetu," alisema Mtunza Mandhari, na sauti yake haikuwa ya kazini tena, "muda umekwisha. Imebaki ahadi. Wageni wote huitamka, nasi husimama mashahidi."

Nilikuwa nimeisahau ile ahadi. Nikatazama njia ile iliyofagiliwa kila asubuhi kwa ajili ya watu wa mbali, na nikatazama paa la nyumba ya Bi Nakundwa, ambalo lilikuwa hapo chini, karibu kiasi kwamba jogoo wake alisikika. Yeye alikuwa hajaisahau. Alimtafuta mdogo wake kwa kupapasa hewani, akampata bega, akalishika. Kisha akasema kwa sauti iliyofika hadi mwisho wa safu:

"Mimi Nakundwa, mgeni wa Kisogoni, naahidi mbele ya Mungu na mbele yako Bwana Mzava, na mbele ya Baraza lote na huyu bwana asiyejua kupika: nitarudi. Nitarudi kesho asubuhi, inshallah, na kesho kutwa, na kila siku mpaka macho yatakapogoma, na yakigoma nitakuja bado. Na nitakuja na mwenzangu. Mwenzangu ni Nasemba."